Mwanafunzi Aliyekwama Somo la Tisa

Baba yangu mdogo alisema sitaweza kuongoza hata mbuzi wawili kwenda kisimani. Aliyasema hayo uani kwake, Kisarawe, mwaka niliorudi kutoka Afrika Kusini, mbele ya ndugu na majirani waliokuja kuniona. Cheti changu cha diploma kilikuwa kinapita mkono kwa mkono kama picha ya harusi. Kilipomfikia yeye, alikishika mbali na macho, akakigeuza kuona kama nyuma kumeandikwa kitu, akakirudisha mbele.

“Ya nini hii?”

“Ya theolojia, baba mdogo. Elimu ya mambo ya Mungu.”

“Kumbe Mungu naye siku hizi anatoa vyeti!”

Walicheka wote, hata waliokuwa hawajasikia vizuri. Yeye hakucheka. Ndivyo alivyo, huchekesha watu uso wake ukiwa mkavu.

“Wewe tangu utoto ni mtu wa kuanza,” akaendelea. “Ulianza cherehani, ukaacha. Ukaanza kuku, wakafa. Sasa umeitwa kufundisha watu dini. Haya, msomi, tufanye hivi. Tafuta watu kumi. Wasiwe ndugu zako, wasiwe vibarua wako, maana hao unawalipa. Watu baki kumi, uwafundishe mwenyewe mpaka wabatizwe. Siku hiyo nitakuja nikae benchi la mbele, na suti nitavaa.”

“Suti ipi?” mama mdogo akamdakia. “Ile nondo walishaimaliza.”

Watu kumi. Kauli ile iliniingia kichwani siku hiyo, na ningejua itakachokuja kufanya ningeitoa hata kwa koleo.

Niseme kidogo nilikotoka, kwa sababu wapo wanaodhani nilirithi. Wazazi wangu walihama kutoka mikoa ya kaskazini, wakafika Kisarawe na masanduku mawili. Walikufa wakiwa na matatu. Mimi niliondoka hapo na begi la shule, nikadandia malori mpaka chini kabisa ya bara. Nimeosha vyombo, nimelinda kituo cha mafuta, na siku zangu za mapumziko nikasoma chuo cha Biblia kwa Kiingereza, lugha ambayo nilipoondoka nyumbani nilijua kuitolea salamu tu. Nilimaliza nikiwa wa tatu katika darasa. Niliporudi nilinunua kiwanja Pangani, hapa Kibaha, nikaweka mashine ya kufyatulia matofali, na nyumba ninayokaa imejengwa kwa matofali yangu mwenyewe kuanzia msingi mpaka lenta. Mimi si mtu wa kujisifu bila sababu. Sababu ninazo, na ukipita Pangani utaziona zimepakwa rangi.

Lakini sikurudi kwa ajili ya matofali. Nilirudi kwa sababu ya lile agizo ambalo kila Mkristo analijua, la kwenda na kuwafanya watu kuwa wanafunzi. Lilinikamata nikiwa kwenye kibanda cha ulinzi, ugenini, na halikuniachia. Nililichukulia kama nilivyochukulia kila kitu maishani mwangu: ni kazi yenye hatua, na mwisho wa hatua kuna mtihani.

Mchungaji wa kanisa letu la Kibaha mjini alinikabidhi Gwata. Huko tulikuwa hatuna muumini hata mmoja. Ni vijiji vya wakulima, wengi wao Waislamu waliokaa pale vizazi na vizazi, na wafugaji waliokuja na ng’ombe wao kutoka kaskazini.

“Huko ng’ombe ni wengi kuliko watu,” mchungaji aliniambia.

“Nitawapata,” nikamjibu.

Sikutaka kuchangisha. Nimeona watumishi wanaoanza na bahasha kabla ya neno. Mimi niliazima vitu. Turubai nililipata kwa mama mmoja jirani yangu wa Pangani anayekodisha vyombo vya harusi na misiba. Lilikuwa na tundu pembeni, halikodishiki tena. Benchi sita alinipa seremala ninayemuuzia matofali. Kwa ajili ya sufuria ya chai nilikwenda mpaka Kisarawe, kwa bibi mmoja wa Kiislamu aliyekuwa jirani na shoga wa mama yangu, aliyenifuta kamasi nikiwa mtoto.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba baba. Umekuja na pikipiki yako ya kelele, unataka nini?”

“Sufuria, bibi. Ile kubwa.”

“Ya maulidi?”

“Hiyo hiyo.”

“Ukaipikie kanisani?”

“Chai tu, bibi.”

Alicheka mpaka kanga ikamtoka begani. “Chukua. Sufuria haina dini. Ila usisahau alivyokulea mama yako: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikosa kabisa, tia hata chumvi.”

Basi nikawa na turubai, benchi na sufuria. Jumapili ya kwanza, baada ya masika, walikuja watu wanne. Watatu walikaa kwenye benchi. Wa nne alikuwa mzee mfugaji, mrefu, mkavu kama fimbo aliyoshika, aliyebaki nje ya turubai kwenye jua kwa sababu ng’ombe wake walikuwa hapo karibu na hakutaka kuwapa mgongo. Nilihubiri saa nzima na nusu. Nilipomaliza alinyoosha fimbo kama mwanafunzi anayenyoosha mkono.

“Mwalimu, swali linaruhusiwa?”

“Uliza, mzee.”

“Huyu unayemsema, ukiwa wake, anakuuliza umetoka wapi?”

Nilimwambia hapana, haulizi.

“Mimi nimehama mara saba,” akasema. “Kila ninapofika naulizwa, wewe mzee wa wapi, wa nani. Kila nilipotoka nimeacha kaburi la mtoto au la ndugu. Nataka kuwa wa mtu. Inafanywaje?”

Nilifurahi sana siku ile. Nilirudi Pangani naimba juu ya pikipiki. Moyoni nilisema: mmoja.

Inafanywaje? Inafanywa kwa masomo. Niliandika mwenyewe kijitabu cha masomo kumi na mawili, nikakichapisha mjini, jalada la kijani. Kila somo lilikuwa na maswali yake, na mtu hapandi somo la pili kabla hajafaulu la kwanza. Mwisho wa yote ni ubatizo. Kanisa letu linabatiza kwa kuzamisha. Na somo la kumi na moja, linalohusu wajibu na haki za muumini, linasema wazi kwamba kanisa humzika yule liliyembatiza. Nililiandika mimi. Hata alama za nukta niliziweka mimi.

Mzee hakujua kusoma. Nilimsomea, naye akarudia. Kichwa chake kilikuwa kikali kuliko cha vijana niliosoma nao chuoni. Alifika somo la nane bila kukosa. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la yule msafiri aliyekuwa akielezwa habari njema njiani, akaona maji, akauliza kinachomzuia asibatizwe ni nini. Alinifanya nimsomee mara nne. Kila mara alitikisa kichwa na kusema, “Aliona maji! Huyu alikuwa mfugaji.”

Wiki iliyofuata alikuja na kitu kichwani. Lilikuwa nusu ya pipa la plastiki la bluu, yale yanayotoka viwandani Zegereni, lililokatwa kwa urefu. Wafugaji hulitumia kunyweshea ndama. Alikuwa amelisugua kwa mchanga mpaka likang’aa. Akalitua chini ya turubai.

“Nakuazima hili, mwalimu. Ukishamaliza utanirudishia.”

“La nini, mzee?”

“La maji. Mimi nikilala humu naingia. Nimejipima.” Na kweli akalala ndani, mikono kifuani, miguu ikakunjwa kidogo. Wenzake wakacheka. Yeye akanitazama kutoka chini. “Naona maji yanaweza kunifunika. Kinachozuia ni nini?”

Nilimshika mkono nikamwinua. Nilimwambia kwa upole kwamba ubatizo ni jambo la heshima, hatuwezi kumbatiza mtu kwenye chombo cha ndama. Nilimwambia nimepanga siku kubwa, Pasaka, tutakwenda wote mto Ruvu, mchungaji atakuja, watapiga picha, na watu watakuwa kumi.

“Kwa nini kumi?”

“Ni utaratibu,” nikasema.

Huo haukuwa utaratibu wa kanisa lolote. Ulikuwa wa baba mdogo.

Pipa nikaliacha hapo hapo, nikaweka vijitabu vyangu ndani yake visiguswe na mchwa. Vilienea vizuri. Kila Jumapili mzee alipokuja alilitazama lile pipa limejaa karatasi, kisha akakaa.

Akakwama somo la tisa. Somo hilo humtaka mtu ataje mitume kumi na wawili, wote, kwa mpangilio wa kijitabu. Mzee alikuwa na njia yake. Alichagua ng’ombe kumi na wawili katika kundi lake, akampa kila mmoja jina la mtume. Wa kwanza alikuwa dume jekundu linalotangulia majini, wa pili ndugu yake, na kadhalika mpaka wa mwisho, jike jeusi lenye tabia ya kupotea. Asubuhi akiwatoa zizini aliwaita mmoja mmoja. Mkewe alinieleza kwamba hata yeye sasa alikuwa hawezi kuwaita vingine.

Mwanzoni nilikasirika. “Mitume si ng’ombe, mzee.”

“Najua, mwalimu. Lakini ng’ombe sisahau.”

Alitaja wote kumi na wawili, ila kwa mpangilio wa kwenda majini, si wa kijitabu. Nikamwandikia: arudie. Akarudia. Mpangilio ukawa ule ule, kwa sababu ng’ombe hawabadilishi foleni yao kwa ajili ya mwalimu. Nikaandika tena: arudie.

Kisha vuli haikunyesha. Mwezi wa kumi na mbili majani yalikuwa yamekwisha, na wafugaji wenzake wakaanza kuhama kwenda kusini, upande wa Rufiji. Yeye hakuhama. Nilimuuliza mkewe sababu. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake na mwanawe.

“Si anasubiri Pasaka yako?”

Mwezi wa pili alikuja kujaribu somo la tisa mara ya tatu. Alikuwa amepungua, shati lilimning’inia. Akaanza kutaja, akifunga vidole. Alipofika kumi akanyamaza.

“Bado wawili, mzee.”

“Hao wawili wamekufa, mwalimu. Kiangazi kimewachukua. Kwetu jina la ng’ombe aliyekufa kwa kiangazi haliitwi mpaka mvua inyeshe. Ukiliita, unawaambia waliobaki wamfuate.”

“Lakini majina unayajua?”

“Nayajua.”

“Basi yataje.”

“Mvua ikinyesha nitayataja.”

Watu waliokuwa kwenye benchi walinitazama. Nilikuwa na kalamu mkononi. Ningeweza kuandika amefaulu. Hakuna aliyekuwa juu yangu pale Gwata zaidi ya Mungu na lile turubai. Lakini nilijiona nikiwa chuoni, nilivyorudishwa mitihani na walimu wasiojua hata nilikuwa nimelala wapi, na mimi sikuomba huruma ya mtu. Kilichonifanya mimi kuwa mimi, nilidhani, kingemfaa na yeye. Nikaandika: arudie.

“Mwalimu,” akasema, taratibu, bila hasira. “Yule msafiri aliyeona maji njiani, alimaliza masomo mangapi?”

Nilimjibu kitu kirefu. Sikumbuki nilisema nini.

Wakati huo tulikuwa tisa. Tisa, ukimhesabu yeye. Nilikuwa nakosa mmoja, na Pasaka imebaki majuma matano. Nilikuwa na hakika, kwa hiyo nikapanda pikipiki nikaenda Kisarawe kumwambia baba mdogo atafute suti. Nilitaka nimwone uso wake. Nilimkuta uani, ananyoa ndevu kwa kioo cha kuvunjika.

“Tisa?” akasema. “Nilisema kumi.”

“Wa kumi yuko njiani.”

“Na wa kwanza ni nani?”

Nikaanza kumsimulia habari za mzee. Ndipo simu ikalia. Alikuwa mke wa mzee, amepiga kwa simu ya jirani.

“Mwalimu, baba hawa yuko chini tangu juzi. Kifua. Anakuita.”

“Poleni, mama. Mmempeleka zahanati?”

“Amekataa kubebwa. Anasema uje. Anasema uje hata bila kitabu.”

Ilikuwa saa nne asubuhi. Ningewasha pikipiki saa ile ile, ningefika mchana na jua lingali juu. Lakini mama mdogo alikuwa ameshabandika wali, baba mdogo alikuwa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ananisikiliza, na mimi niliona ni kifua tu, mzee yule ni mti mkavu, mti mkavu hauanguki ovyo. Nikamwambia mama yule nitafika kesho asubuhi.

“Kesho,” akarudia, si kwa kuuliza. Akakata.

Nilikula. Nilionyesha picha. Nilieleza nilivyopanga siku ya Ruvu, nani atasimama wapi. Baba mdogo alisikiliza yote, kisha akasema, “Yule mgonjwa wako hujasema umemjibu nini.” Nikamwambia. Akaendelea kufuta kile kioo chake kwa shati.

Nilifika Gwata asubuhi saa tatu. Wanawake walikuwa wamekaa chini, nje ya nyumba, wamenyoosha miguu. Sikuhitaji kuuliza. Mzee alikuwa amekufa jioni ya jana yake, jua halijazama.

Mkewe hakulia mbele yangu. Alinieleza tu yaliyotokea, kama mtu anayekabidhi zamu. Alisema mzee aliuliza mara tatu kama pikipiki inasikika. Ya tatu alisema, basi mwambieni lile pipa nililiosha.

Nilikwenda pembeni nikampigia mchungaji Kibaha mjini. Nilimwambia tumefiwa na mtu wetu.

“Alishabatizwa?”

“Bado.”

“Alimaliza masomo?”

“Alikuwa somo la tisa.”

Si mtu mbaya, mchungaji yule. Hata leo tunasalimiana. “Ndugu yangu, utaratibu unaujua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyeuandika. Lakini wewe ndiye uliyekuwa naye. Niambie, alikuwa mwanafunzi au hakuwa? Ukisema alikuwa, nitakuja sasa hivi.”

Hapa ndipo ninapofika kila ninapojisimulia mambo haya, na hapa ndipo ninapokwama. Lilikuwa neno moja. Lakini nilifikiria wale wanane waliokuwa wamefaulu kwa jasho. Nilifikiria kijitabu cha kijani, na mtu akija kuniuliza kesho kwa nini huyu ndiyo na mwingine hapana. Nilifikiria, Mungu anisamehe, kwamba watasema diploma yangu ni ya kupindisha mambo.

“Hakuwa amemaliza,” nikasema.

“Basi unajua,” akajibu mchungaji.

Kaburi lilichimbwa na vijana wa Kiislamu wa kijijini, wakulima, ambao mashamba yao ng’ombe wa mzee yule walikuwa wamewahi kuyaingia. Hawakuuliza alikuwa wa nani. Walivua mashati wakachimba kwa zamu, na udongo ulikuwa mgumu kama tofali. Mimi nilisimama na suti yangu ya kijivu kama jirani mwingine yeyote. Jeneza lilipowekwa ukingoni, watu wakanigeukia. Mke wa mzee akasogea mpaka mbele yangu.

“Mwalimu, tunamfukia hivi hivi? Huyu ni wa nani?”

Nilifungua kinywa. Nimehubiri viwanja vya mpira, nimehubiri mbele ya maprofesa.

Aliyesema alikuwa mwanamke mmoja mkulima, mwanafunzi wangu wa somo la kumi na mbili. Alipiga magoti kwenye udongo akamwambia Mungu kwamba huyu ni wako, ulimtuma kwetu, mpokee. Maneno hayo tu. Kisha akachukua koleo.

Baadaye, tukiwa tunanawa mikono, nilimfuata nikamshukuru. Nikamwambia nimefurahi kuona mafundisho yangu yamemwingia.

“Mafundisho yako?” Alinawa mpaka viwikoni kabla ya kuendelea. “Mwalimu, wewe ulidhani tulikuja kwa ajili ya sauti yako? Ng’ombe wa mzee walikula mahindi yangu yote, nusu eka. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia. Kesho yake akaja mlangoni na maziwa. Na kesho kutwa. Kila asubuhi, mpaka msimu ukaisha. Anakaa kizingitini ananisimulia ulichomfundisha Jumapili. Masomo yako yote nilishayasikia kwake kabla sijakalia benchi lako.”

“Na wengine?”

“Waulize.”

Niliwauliza. Kati ya wale wanane, sita aliwaleta yeye. Mmoja alikutana naye kisimani, wawili porini wakichunga, wawili aliwauguza. Mzee aliyekwama somo la tisa alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba na fimbo yake akifanya kazi niliyosafiri nchi tano kuisomea. Na hakuniambia. Nadhani alidhani najua.

Jumapili iliyofuata walikuja watatu. Iliyofuata, mmoja. Hakuna aliyegombana nami. Kila niliyemkuta njiani alinisalimia vizuri na kuniuliza habari za matofali. Ruvu hatukwenda.

Jumapili ya Pasaka nilikaa peke yangu chini ya turubai, Biblia imefunguka magotini. Saa nne nikaona mtu anashuka kwenye bodaboda. Alikuwa baba mdogo, na suti alikuwa amevaa kweli, imeliwa na nondo begani. Alitazama benchi sita tupu. Nilisubiri mzaha wake. Niliuhitaji.

“Nilisema nitakuja nikae benchi la mbele,” akasema.

“Leo zote ni za mbele, baba mdogo.”

Akakaa. Kisha akauliza kaburi la mzee liko wapi, maana habari za msiba nilishampigia simu, nikampeleka, akasimama pale kofia mkononi, na njia nzima ya kurudi hakunitania hata mara moja. Sijawahi kuumia kama nilivyoumizwa na upole ule.

Juma lililofuata nilianza kurudisha vitu. Turubai nililiziba tundu lake kwa fundi, nikalikunjia kamba mpya ndani. Benchi nilizirudisha kwa seremala nikiwa nimezipaka vanishi, na juu yake nikapakia matofali ishirini. Sufuria niliipeleka Kisarawe imejaa mchele. Bibi aliinua kifuniko, akaona, akakirudisha.

“Mama yako alikulea,” akasema. Kisha akanitazama usoni. “Wanafunzi wako hawajambo?”

“Mmoja alikufa, bibi.”

“Ndiye aliyekufanya ukonde hivi? Basi alikuwa mwanao, si mwanafunzi.” Akaniletea maji ya kunywa, hakuuliza zaidi.

Likabaki pipa. Siku hiyo nilitoa vijitabu vyote, nikalisugua kwa mchanga kama alivyofanya mwenyewe, nikalifunga kwenye pikipiki ya magurudumu matatu ninayobebea matofali. Masika yalikuwa yameanza, njia yote matope. Mara mbili nilishuka kusukuma. Nilipofika nilimkuta mke wa mzee zizini. Nikalishusha pipa mahali lilipokuwa zamani, alama yake ilikuwa bado kwenye udongo. Kisha nikachukua ndoo, nikaanza kwenda kisimani na kurudi. Nilikwenda mara nyingi. Sikumruhusu mtu anisaidie.

“Mwalimu, maji ya nini?” akauliza. “Si unaona kila shimo limejaa?”

“Chombo hakirudi kitupu, mama.”

Alisogea akatazama. Maji yalikuwa yamefika ukingoni, yametulia. Akaweka mkono ndani mpaka kiwiko, akaupima urefu wa lile pipa kwa macho, toka mwanzo hadi mwisho, na mimi nikajua anamlaza nani mle ndani.

“Yangetosha,” akasema.

Diploma yangu iko ukutani hadi leo. Sijaishusha, niliipata kwa jasho na sioni haya nayo. Na siku ile, nikiwa nimesimama zizini na ndoo tupu, ningeweza kusema mbele ya yeyote kwamba kila aliyeniazima kitu nimemrudishia, kitu chake na cha juu yake, isipokuwa yule mmoja, ambaye maji yake yalifika akiwa kaburini.

Mke wa mzee akajifuta mkono kwenye kanga, akageukia kundi, akaanza kuwaita waje wanywe. Aliita jina la kwanza, na dume jekundu likainua kichwa. Akaita la pili, la tatu. Walikuja mmoja mmoja, kwa mpangilio wao ule ule wa majini. Alipofika mahali pa wale wawili nilidhani ataruka. Hakuruka. Mvua ilikuwa imeshanyesha. Aliwaita kwa sauti ile ile, mmoja, kisha wa pili, na hakuna ng’ombe aliyegeuka. Akamalizia na jike jeusi. Nilikuwa nimefunga vidole mfukoni, nahesabu. Walikuwa kumi na wawili.